Kibali cha Injini Mbili

Kila nilipofika nyumbani Itiryo nikamkuta dada yangu amekuja kututembelea, jambo la kwanza baada ya salamu lilikuwa kuniomba nimwoneshe ng'ombe wake. Nilijua anachotaka. Nilifungua kifungo cha mfuko wa shati, nikatoa kitabu kidogo chenye jalada gumu, nikampa. Alikaa nacho jikoni kwenye kigoda, akakifungua ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta kama kuna mstari mpya. Kitabu hicho kilikuwa leseni yangu ya urubani.

Ulikuwa utani, lakini utani wenye ukweli ndani yake. Kwetu mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka yake. Ng'ombe wanaingia zizini kwa ajili yake, kisha wanatoka kwa ajili ya yule kaka aliyepangiwa, naye anaoa. Dada yangu, ambaye ndiye anayenifuata kuzaliwa, aliolewa Issenye, upande wa Serengeti, akiwa kidato cha pili. Ng'ombe wakaja. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na badala ya kutafuta mchumba nikamwambia baba kwamba nataka kwenda Nairobi kusomea urubani. Siku kadhaa baadaye baba akawaswaga ng'ombe wote mnadani kuwauza nipate karo, na wachache wa kwake juu yao. Ukoo ulisema amerukwa na akili. Nilipata leseni, na mke sikupata.

Watu wengi hudhani leseni ya rubani ni ruhusa ya kuendesha chochote kinachopaa. Nyumbani kwetu walidhani hivyo pia. Mjomba alishangaa kwa nini ndege kubwa zinazopita juu ya Itiryo kwenda Ulaya siziendeshi mimi. Haiko hivyo. Ndani ya leseni kuna kurasa za vibali, na kila kibali kina mstari wake, saini yake na mhuri wake. Kama umepimwa kwenye ndege ya injini moja, unaruhusiwa injini moja. Ukitaka injini mbili, unarudi darasani, unapimwa upya, na usipofaulu mstari hauandikwi. Nilimweleza dada haya yote, naye alinielewa upesi kuliko wanaume wote wa pale nyumbani.

"Kwa hiyo una ng'ombe wa maziwa," alisema. "Wa jembe bado."

"Wa jembe bado," nilikubali.

Jambo ambalo sikumweleza, wala sikumweleza mtu yeyote, ni kwamba nilikuwa mwoga. Sisemi wasiwasi wa kawaida ambao kila rubani mwenye akili anao. Nasema hofu iliyoniamsha kabla ya jogoo na kunifanya nihesabu vidole vyangu nikiwa kitandani, nione kama vyote vinanitii. Nilipenda kuruka, na niliogopa kuruka, na sikuona jinsi ya kumwambia mtu la kwanza bila la pili kunitoka. Kwetu mwanaume hasemi anaogopa. Siku ya jando unasimama mbele ya ukoo mzima, ngariba anafanya kazi yake, na watu hawatazami kisu, wanatazama kope zako. Ukipepesa, umewaaibisha baba yako na rika lako lote, na utaimbwa mpaka uzeeni. Mimi nilichagua kilima cha mbali, nikakikazia macho, nikawa jiwe. Walinisifu sana. Nilidhani nimejifunza ujasiri.

Nilianza kazi wakati dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu wa Tarime. Walimu waliacha chaki, vijana waliacha ng'ombe, wafanyabiashara walikuja na mizani ndogo mifukoni kutoka Mwanza, kutoka Nairobi na kutoka mbali zaidi. Kwenye vilima ambako utotoni tulichunga kukawa na maduara ya kuchimbia, mahema ya turubai, na makarasha ya kusagia mawe yaliyopiga kelele kutwa. Vyumba vya wageni mjini Tarime vilijaa. Barabara zikawa mbovu kwa malori, na mvua ikinyesha hazipitiki. Hapo ndipo mtu mwenye ndege alipopata kula.

Mwenye ndege niliyemfanyia kazi tulimwita tajiri. Alikuwa na ndugu pande zote mbili za mpaka wa Sirari, na Kiswahili chake kilikuwa pande zote mbili vilevile. Ndege yake ilikuwa ya injini moja, viti sita, mabawa juu, magurudumu yamekaa nje muda wote. Nilibeba wanunuzi wa dhahabu kutoka Mwanza na Musoma hadi kiwanja cha vumbi karibu na machimbo, nilibeba vipuri vya makarasha, na siku nyingine nilivuka upande wa pili, Serengeti, kupeleka mboga na wageni kwenye kambi za watalii. Kiwanja cha machimbo kilikuwa malisho kabla hakijawa kiwanja, na ng'ombe hawakuarifiwa kuhusu mabadiliko hayo. Utaratibu wetu ulikuwa huu: unapita mara ya kwanza chini sana na kwa nguvu zote, ng'ombe wanatawanyika, unazunguka, unatua mara ya pili. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba niliufanya hata siku ambazo ng'ombe hawakuwepo.

Kisha tajiri akanunua ndege ya injini mbili.

Ililetwa Musoma na rubani kutoka Kenya, akanionesha swichi zake kwa alasiri moja, akapanda basi akarudi kwao. Ilikuwa ndege nzuri, mabawa chini, pua ndefu. Magurudumu yake yalikuwa ya kukunja, yanaingia tumboni ukishapaa na kutolewa ukitaka kutua. Kesho yake asubuhi tajiri alinikuta nimesimama mbele yake mikono mfukoni.

"Leo utachukua hii," alisema. "Kuna wanunuzi wawili wanangoja."

Nilimwambia kibali chake sina.

"Wewe si rubani? Ndege ni ndege. Ni kama kutoka kwa pikapu kwenda kwa lori. Karatasi tutatafuta baadaye." Akanitazama usoni. "Ama unaogopa?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi na lingetosha. Lakini uso wangu ulishakuwa jiwe kabla sijaamua lolote, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Niogope nini?"

Kupaa hakukunishinda. Ile nguvu ya injini mbili ilinisukuma kwenye kiti, Musoma ikabaki nyuma, ziwa likabaki nyuma. Nilikunja magurudumu kama nilivyooneshwa. Wanunuzi wawili walikaa nyuma wakipiga soga kwa sauti kuu. Jasho lilinitiririka mgongoni ingawa kulikuwa na baridi, na nilikuwa nikijiambia dakika ishirini na tano tu, dakika ishirini na tano.

Nilipokaribia kiwanja nikafanya utaratibu wetu. Nilipita chini kwa nguvu zote, ng'ombe wakakimbia, nikazunguka. Nikapunguza nguvu ili nishuke. Papo hapo honi ikalia masikioni mwangu.

Kwenye ndege yangu ya zamani kulikuwa na honi moja tu, na maana yake ilikuwa moja: mwendo umekwisha, unaanguka. Nilisukuma nguvu mbele haraka. Honi ikanyamaza. Nikatazama mshale wa mwendo, nikaona uko sawasawa. Nikapunguza tena, honi ikalia tena. Nikasukuma tena. Uso wangu, nina hakika, ulikuwa mtulivu kabisa, maana mmoja wa wale wanunuzi aliniinamia begani na kuniuliza kama kwenye soko la machimbo kuna nyama choma nzuri. Nikamjibu kwamba ipo.

Jua lilikuwa upande wa kulia, na kivuli chetu kilikuwa kikikimbia kwenye majani upande wa kushoto, kikija karibu zaidi kadiri tulivyoshuka. Nilikitazama. Kilikuwa na mabawa, pua na mkia. Miguu hakikuwa nayo.

Nilikuwa nakwenda kutua kwa tumbo. Honi ile ilikuwa ikinililia kuhusu magurudumu, na mimi sikuijua lugha yake. Niliirudisha ndege juu, nikazunguka mara ya tatu, nikayatoa magurudumu, nikatua. Wale wawili walipiga makofi. Nilienda nyuma ya mti wa mgunga nikatapika, nikajifuta, nikarudi nikiwa nimenyooka. Dakika zile sikuziandika kwenye kitabu cha saa za kuruka, kwa sababu hazikupaswa kuwepo.

Kama ningeua watu siku ile, ningekuwa nimewaua kwa kuogopa kusema naogopa. Hata kama ningevunja propela tu, wakaguzi wangekuja, wangeuliza kibali, na leseni yangu ingechukuliwa. Niliwaza dada yangu jikoni, akinyoosha mkono apewe ng'ombe wake, na mimi nikiwa sina cha kumpa. Wazo hilo lilinitisha kuliko kifo.

Nilimdanganya tajiri kwamba nimesikia wakaguzi kutoka Dar es Salaam wanapita viwanja vyote mwezi huu. Kusema wakaguzi ilikuwa rahisi kuliko kusema mimi. Akanipa wiki tatu. "Usiporudi na hiyo karatasi," alisema, "kuna kijana mwingine Kisumu anangoja simu."

Mwalimu niliyempata Mwanza alikuwa Mjaluo wa Rorya, mstaafu wa jeshi, mzee mrefu aliyeng'olewa meno ya mbele ya chini kwa mila ya kwao. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye leseni yangu. Aliisoma kurasa zote kama dada anavyoisoma. Kisha tukapanda ndege ya mafunzo ya injini mbili.

Kinachoogopesha kwenye injini mbili ni pale inapobaki moja. Mtu hudhani injini ya pili ni akiba, na moja ikifa unaendelea na nyingine. Kumbe ile iliyobaki inavuta upande mmoja, ile iliyokufa inakokota upande wa pili, na ndege inageuka kuelekea upande uliokufa. Usipofanya kitu upesi inajipindua chali. Kwa hiyo kuna mambo ya kufanya, moja baada ya jingine, kwa miguu, kwa mikono na kwa mdomo: unakanyaga pedali ya upande wa injini iliyo hai, unaongeza nguvu, unakunja magurudumu, unaitambua iliyokufa, unahakikisha, kisha unalaza mapanga ya propela yake yaukate upepo yasiukokote. Na yote hayo unayasema kwa sauti.

Juu ya ziwa mzee alifunika vishikio vya nguvu za injini kwa karatasi nisione, akakivuta cha injini moja hadi ikakosa nguvu.

Nilitazama mbele. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na kilima. Nikakikazia macho.

Ndege ikageuka, bawa likalala, maji yakaonekana pale ambapo mbingu ilipaswa kuwa. Mzee akachukua usukani, akairudisha sawa. Akaniuliza nilikuwa wapi.

"Nilikuwa hapa, mwalimu."

"Hukuwa hapa."

Tulirudia mara tatu siku ile, na mara nne siku ya pili, na kila mara ilikuwa vilevile. Nilijua la kufanya. Chini ningeweza kukuandikia orodha nzima. Lakini hofu ilipokuja, mwili wangu ulifanya kile ambacho ulisifiwa kwacho. Ulinyooka, ukatulia, ukangoja imalizike.

Siku ya tatu hatukupaa. Tulikaa nje ya banda la ndege, akaagiza chai na maandazi, kisha akaniuliza.

"Ulipotahiriwa ulipepesa macho?"

Nilishtuka kwa swali lile. "Hapana, mwalimu."

"Najua. Ninyi watu wa Tarime nimewafundisha wawili kabla yako. Wote hivyo hivyo. Injini inakufa, ninyi mnazidi kupendeza." Akachovya andazi. "Mimi waliponing'oa haya meno nililia mpaka kijiji cha pili wakasikia. Ndiyo maana niko hai."

Nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

"Sikiliza, bwana mdogo. Mimi siyo ngariba. Sina kisu. Kule walikusifu kwa kutofanya kitu, wakati hofu imekujaa. Huku ukikaa sekunde tano bila kufanya kitu umeshawaua watu wako. Kesho nikivuta injini, kabla ya jambo lolote utasema neno moja. Utasema naogopa."

"Nitasema nini?"

"Naogopa. Kwa sauti. Ukishasema, mdomo umefunguka. Mikono itafuata."

Nilichukia jambo lile kuliko nilivyowahi kuchukia kitu. Nilifikiri ananidhihaki, Mjaluo anamtania Mkurya. Usiku ule niliamua kurudi Tarime, na asubuhi nikakumbuka kivuli kisicho na miguu, nikaenda uwanjani. Alipovuta injini niliutafuta mdomo wangu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko wenye vitu vingi. Neno lilitoka kama kikohozi. "Naogopa." Na mguu wangu wa kulia, sijui nani aliuamuru, ukakanyaga.

Baada ya hapo nilifanya mazoezi hata chini. Mchana, kwenye chumba cha gesti, nilikaa ukingoni mwa kitanda, miguu juu ya madumu mawili ya maji, nikipiga kelele: "Naogopa! Ya kushoto imekufa! Mguu wa kulia! Nguvu zote! Magurudumu juu!" Mama mwenye gesti alinigongea mlango, akaniambia kwa upole kwamba kanisani kwao kuna maombi ya kufunguliwa kila Jumatano. Nilimshukuru. Sikuwa na njia ya kumweleza kwamba kufunguliwa ndiko nilikokuwa nakufanya.

Mpimaji alikuja kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa wiki ya tatu. Nilisema neno langu mbele yake. Aliinua nyusi lakini hakuuliza. Akaandika mstari, akatia saini, akagonga mhuri. Mzee wa Rorya alinipa mkono na kuniambia niendelee kuogopa kwa sauti.

Dada yangu alikuwa Itiryo nilipofika na kitabu. Safari hii alikuwa amekaa karibu mwezi mzima, na binti yake wa miaka minne. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Alisema aliteleza kisimani. Mama alisema pole, mimi nikasema pole, tukaendelea na mambo mengine. Alikiweka kitabu magotini, akakifungua kwa mkono mmoja, akapitisha kidole kwenye mstari mpya.

"Huyu ndiye wa jembe?"

"Ndiye."

"Alikusumbua?"

"Hapana," nilisema. "Kidogo tu."

Wiki iliyofuata mama alisema imetosha, mwanamke ana kwake. Ilitokea kwamba nilikuwa na safari ya kupeleka masanduku ya mboga kambini Serengeti, na kutoka kile kiwanja hadi Issenye usafiri ungepatikana. Nikamwomba tajiri ruhusa, akakubali. Nilijisikia mkubwa. Utapanda ng'ombe wako mwenyewe, nilimwambia dada, na yeye akasema sawa. Alisema sawa kwa namna ileile aliyosema sawa siku zote.

Tuliondoka kiwanja cha machimbo kabla ya adhuhuri, jua limeshakuwa kali. Dada alikaa mbele, kulia kwangu. Mtoto alifungwa mkanda kiti cha nyuma, kati ya kabeji. Nilikimbiza ndege, ikanyanyuka, nikakunja magurudumu. Mapaa ya mabati na maduara ya wachimbaji yalianza kupita chini yetu. Ndipo injini ya kushoto ilipokohoa mara mbili na kunyamaza.

Pua ilikwenda kushoto. Na mimi, pamoja na wiki tatu za Mwanza, pamoja na madumu ya maji, niliinua macho nikatafuta kilima. Kilikuwepo. Vilima vya kwetu havijawahi kumkosa mtu anayevitafuta. Nilikuwa ninajua kabisa kinachotokea, na nilikuwa nimetulia, na tulikuwa tunakufa. Dada alikuwa ananitazama. Pembeni ya jicho niliona uso wake, nao ulikuwa mtulivu kama wangu. Alikuwa ameelewa, na alikuwa amekwisha kukaa sawa, akingoja imalizike.

Sijui kama ningeona uso mwingine ningefanya nini. Kuuona ule kulinitoa sauti.

"Naogopa!" nilipiga kelele. "Dada, naogopa! Ya kushoto imekufa!"

Mguu wa kulia ukakanyaga. Nilisema kila kitu, nikakifanya kila nilichokisema: nguvu zote, magurudumu yako juu, mguu wa kushoto hauna kazi, kwa hiyo injini ya kushoto ndiyo iliyokufa, naivuta kuhakikisha, hakuna kilichobadilika, nalaza mapanga. Propela ya kushoto ikapunguza, ikasimama. Ndege ikanyooka. Haikupanda. Nchi ya Tarime iko juu, hewa ya mchana ni nyepesi, na injini moja ilikuwa na nguvu ya kutushikilia pale pale tu, juu kidogo ya mabati. Watu walitoka kwenye maduara wakatazama. Nilianza kuzunguka, taratibu, upande wa injini iliyo hai, nikisema, "Naogopa sana, nazunguka, mwendo uko sawa, naogopa, nakiona kiwanja." Mtoto alianza kulia nyuma. Nikamwambia alie, alie tu mama.

Kiwanja kilikuwa na ng'ombe wachache upande wa mbali. Safari hii hapakuwa na kupita mara ya kwanza kuwafukuza. Nguvu ya kurudi juu sikuwa nayo. "Magurudumu chini," nilisema, na nikangoja taa tatu za kijani ziwake zote, na zikawaka. Tuligusa, tukaruka kidogo, tukagusa tena, tukasimama kwenye vumbi letu wenyewe, hatua chache kutoka kwa ng'ombe ambao hawakuacha kula.

Nilizima kila kitu. Mikono yangu ilitetemeka hadharani na sikuificha. Dada alifungua mkanda, akamchukua mtoto kutoka nyuma, akampakata. Tulikaa hivyo, joto likipanda ndani ya ndege, kabla ya watu kufika.

Nilikumbuka nilichokuwa nimekipigia kelele. "Nyumbani usiwaambie nilisema vile," nilimwambia.

Alikuwa anatazama mbele, kioo kikiwa na vumbi.

"Kwa hiyo inaruhusiwa kusema," alisema.

"Kule Mwanza wanatufundisha hivyo. Ukisema, mikono inafuata."

Alitikisa kichwa polepole. Aliutazama mkono wake uliofungwa kitambaa, kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu nikaona kope zake zikipepesa.

"Kaka," alisema. "Naogopa kurudi Issenye."

Nilielewa yote kwa mara moja: kisima, kitambaa, mwezi mzima nyumbani, sawa zote zile. Nilielewa pia siku ng'ombe walipokuja, alipokuwa kidato cha pili, na alivyosimama mlangoni akiwa jiwe, na sisi tukasema ana heshima. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilikuwa nimeutembeza woga wake kwenye mfuko wa shati langu miaka yote ile, nikijivunia mihuri.

Hakurudi. Ilibidi nimwambie baba mimi mwenyewe, na sauti yangu ilitetemeka nilipomwambia. Kwetu mke akirudi nyumbani, ng'ombe wanarudi walikotoka, wote, la sivyo mtoto ni wa ukoo wa mumewe. Nao walikuwa wameshakuwa mistari kwenye kitabu. Fundi alitengeneza pampu ya mafuta iliyotufia, nami nikaendelea kuirusha ndege ileile, machimbo na Serengeti, Serengeti na machimbo, na kila mshahara ulipotosha ng'ombe mmoja nilimnunua mnadani na kumpeleka Issenye. Ilichukua miaka. Mtoto alikua kwetu, akasoma, akavuka kidato cha pili bila mtu kuja na ng'ombe.

Nimeongeza vibali vingine tangu wakati huo, na kitabu kimebadilishwa jalada mara mbili. Dada yangu ana duka la vitambaa Tarime mjini. Nikipita kumsalimia haniombi tena nimwoneshe ng'ombe wake. Anavuta kiti, ananimiminia chai, ananiuliza kama wiki hii niliogopa, nami namwambia. Kisha mimi namuuliza yeye.